Krismasi Ng'ambo ya Songwe

Nitawataja walionitenda. Majina sitayaandika, kwa kuwa wajukuu zao wanayabeba na wajukuu hawakuwepo. Lakini mtu wa Ipyana mwenye umri wangu akisoma atajua namsema nani. Wa kwanza ni mwanamke aliyekuwa rafiki yangu, tuliyekaa naye benchi moja misheni tukijifunza kusoma. Wa pili ni mume wake, mwalimu. Wa tatu nilimpikia miaka miwili.

Shule yangu ni ya viangazi viwili tu, basi nivumiliwe nikienda polepole.

Kwetu msichana akishatolewa ng'ombe haonani tena na baba wa mume wake. Hamtazami usoni, hasemi naye, hali mbele yake. Akisikia anakuja njiani, anaingia migombani, anajifunika nguo kichwani na kuchutama mpaka mzee apite. Tunaita ukutila, kuogopa, ingawa si woga wa mtu mbaya. Anayeivunja desturi hiyo tumbo lake hufunga, hazai tena, au mtoto aliye mgongoni hudhoofika, na ukoo wa mume una haki ya kumrudisha kwao. Misheni walitufundisha kwamba huo ni ushirikina. Nilibatizwa, nikaitika, na bado niliogopa. Nilikuwa na binti wa miezi minane, na sikutaka kumjaribu Mungu kwa mwili wa mtoto.

Kwa hiyo baba mkwe wangu sikumjua uso. Nilijua mgongo wake tu, kwa mbali, siku chache nilizokuwa mchumba. Mwaka niliohamia kwa mume wangu, mzee alikuwa amekwisha kuvuka mto Songwe kwenda kwa Mwingereza, maana kodi ya Mdachi ilikuwa imemshinda na hakutaka kuchapwa viboko na askari wa umri wa wanawe.

Hayo yalikuwa miaka michache kabla ya vita ya Wazungu. Mwezi wa kumi na mbili rafiki yangu alikuja kwangu akasema yeye na mumewe wanakwenda Karonga kula Krismasi kwa dada yake aliyeolewa huko, niende nao nikaone dunia. Mume wangu alikuwa ameshikwa kazi ya barabara ya boma. Rafiki yangu alimwendea mama mkwe akamwomba kwa magoti, akapewa ruhusa. Mimi nilimwuliza jambo moja tu.

"Mwinangu, rafiki yangu, mzee wetu yuko ng'ambo hiyo. Tusije tukakutana."

Akacheka, akasema Karonga si uwanja wa nyumba yako, na mzee yuko mbali huko bara analima pamba ya Mzungu. Nilimwuliza tena tulipofika mtoni, na mara ya tatu tukiwa ndani ya mtumbwi, maji yamejaa kwa mvua na mpiga kafi akitutaka tunyamaze kwa ajili ya mamba. Mara zote tatu jibu lilikuwa hilo hilo. Mwalimu alikuwa amekaa mbele, anasikia, hakugeuka.

Tulipopanda ukingo wa pili mwalimu alitukataza kumwambia mtu kijiji tulichotoka. Tulivuka bila cheti, akasema, na Mdachi ana masikio mpaka huku. Niliona ni busara.

Siwezi kusema uongo: nilifurahi. Dada yake alitupokea vizuri, tukala wali na mbasa, samaki wa ziwani, wa kukausha. Wakati ule kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani, walikuwa wametanda juu ya ziwa kama moshi wa shamba linalochomwa, wanawake wa huko wanawakamata kwa vikapu na kuwaponda mikate myeusi. Kesho yake akaja mzee mmoja mrefu, mwenye pengo la meno mawili, mbeba mizigo wa ghala la wafanyabiashara. Mwalimu akasema huyu ni mzee wa ghalani, ni Mkristo mwenzetu, atatutembeza. Mimi akanitaja kuwa dada wa kanisani.

Alitutembeza kweli. Alituonyesha ghala la mabati, refu kuliko kanisa letu, na stima imetia nanga mbali kidogo, na misalaba ya Wazungu waliokufa kwa homa. Dukani palikuwa na kioo cha kumtosha mtu mzima. Nilisimama mbele yake nikasahau kuondoka. Rafiki yangu akanisukuma, "Toka, utamfanya huyo mwanamke wa ndani aone haya." Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. Alimbeba binti yangu nilipochoka. Mtoto alilia kwa kila mtu, kwake hakulia. Jioni tulipokula mbalaga, ndizi za kupikwa na nyama ya mbuzi, yeye alimtafunia vipande laini akisema bibi huyu mdogo atamla mwenye nyumba na vyungu vyake. Nilimmiminia maji ya kunawa. Nikamwambia mifupa aniachie mimi kwa kuwa meno ninayo, akacheka tena.

Nilikaa nikifikiri, huyu mzee ana watu wake mahali fulani wanaomkosa. Nilitaka kumwuliza kwao, lakini waliokimbia kodi hawaulizwi. Naye kila alipoanza kuniuliza kwetu ni wapi, rafiki yangu alidakia, "Kwetu ni kwa Baba wa mbinguni." Nilidhani anafuata onyo la mumewe.

Siku yenyewe ya Krismasi, baada ya ibada, kwa dada yake walipanga meza mbili ndefu barazani. Wanaume na wanawake tuliketi pamoja, jambo ambalo kwetu halikuwepo. Mimi niliwekwa, nasema niliwekwa, kando ya mzee wa ghalani. Kulikuwa na wali, kuku, na mikate ya ngano niliyoionja kwa mara ya kwanza. Mzungu wa misheni ya huko akaja kutusalimu. Hapo mwalimu akasimama.

Akaanza kwa lugha ya Wazungu, kisha akarudia kwa lugha yetu ili sote tusikie. Alisema Injili imefanya kazi kwao Ipyana kuliko watu wanavyodhani. Akamwonyesha mzee kwa mkono, akanionyesha mimi. Akasema, "Huyu ni baba, na huyu ni mke wa mwanawe. Leo siku ya pili wanakula chungu kimoja, na mbingu haijaanguka."

Nilikuwa na paja la kuku mkononi. Sikulitupa, sikuinuka, nilivuta nguo ya mbeleko ikatufunika mimi na mtoto vichwa vyote viwili. Sikuona lolote tena. Nilisikia kiti chake kikisogezwa. Nilisikia nyayo zake zikienda upande wa pili, maana hakutaka kunipa uso wala kunipita. Na kabla hajatoka nilimsikia akisema, taratibu, kwa wote waliokuwepo:

"Mwambieni binti wa watu kwamba sikumwona."

Msomaji aelewe neno hilo. Alikuwa ameniona siku mbili, amembeba mjukuu wake. Alilisema ili kunifungulia mlango. Kwa desturi yetu, mzee mwenyewe akitamka kwamba hakukuona, jambo hilo linaweza kumalizwa kwa kuku na maji ya dawa, na mwanamke anabaki kwake. Na aliyekaa karibu naye kuliko wote, upande wake wa pili, alikuwa rafiki yangu.

Mzungu alipiga makofi. Nadhani hakujua alichopigia.

Asubuhi mzee alikuwa amekwenda, hata ghalani hawakujua alikokwenda. Njiani kurudi rafiki yangu alinishika mkono mara nyingi. Alisema mumewe hakumwambia kila kitu. Alisema mambo ya ng'ambo yatabaki ng'ambo. Nilitaka kumwamini, kwa sababu ndiye pekee niliyekuwa naye, nikamwambia ndaga, asante. Hata leo neno hilo linanichoma. Nilimshukuru.

Jumapili ya kwanza ya mwaka mwalimu alipanda mimbari yetu akayahubiri yote. Alinisifu. Alisema dada yetu amemtazama mkwe wake machoni kama mtoto anavyomtazama baba. Mama mkwe wangu alikuwa benchi la tatu. Aliinuka akatoka, na ndugu zake wote wakamfuata.

Mama mkwe hakuwa adui yangu, hilo nalo liandikwe. Alitafuta njia. Mume wangu aliporudi kutoka barabarani, wazee waliketi uani kwake, nami nikaitwa nikachutama karibu na mlango. Nikaeleza yote kama nilivyoeleza hapa, na neno la mzee nikalisema. Mama mkwe akamgeukia rafiki yangu.

"Wewe ulikaa karibu naye. Mume wangu alipoinuka alisema nini?"

Kila mtu alimtazama. Yeye alimtazama mumewe. Mwalimu alikuwa ameahidiwa kanisa lake mwenyewe kwa sababu ya habari ile, na Wazungu walikwisha kuandikiana barua juu yake. Kama mzee hakuniona, basi mwalimu alisema uongo mimbarini. Mmoja wetu ilibidi aanguke.

"Sikusikia neno, mama," akasema. "Walikula pamoja siku mbili, na walicheka."

Nusu ya maneno hayo ni kweli, ndiyo maana yaliua.

Wa tatu ni mume wangu. Muda wote alikuwa akichora chini kwa kijiti. Hakuniuliza kitu, hakumwuliza baba yake kwa kutuma mtu, ingawa Songwe si bahari. Alisema tu, "Arudi kwao." Nikarudi kwetu Ndandalo, mtoto mgongoni. Ng'ombe walirudishwa ila mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyemfanya binti yangu kuwa wa kwao. Alipoacha kunyonya, shangazi yake alikuja akamchukua mchana, tukiwa tunapalilia mpunga. Hakulia mpaka walipofika kwenye kivuko cha mfereji. Hapo nilimsikia.

Kisha vita ikaja, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo, na mzee hakuonekana tena upande huu. Wengine husema alikufa kwa kuhara akiwa mpagazi wa Mwingereza. Mwalimu alipata kanisa lake. Mkewe amezeeka vizuri, na kila Krismasi hunipa mkono mlangoni, mbele za watu, nami naupokea kwa kuwa kanisa si lake.

Binti yangu alikuja kwangu akiwa mtu mzima, ameolewa. Alikuwa ameambiwa, na nadhani mnajua na nani, kwamba mama yake alipenda mambo ya Kizungu kuliko mtoto. Nilimkalisha nikamweleza. Nilipomaliza akauliza kama ni kweli tulicheka na babu.

Nikamwambia ni kweli, tulicheka.

Akauliza alikuwa na sura gani. Nikamweleza ule urefu wake, pengo la meno, jinsi alivyoshika kiuno akicheka. Nikamwambia wewe hukumlilia. Alinyoosha nguo ya mtoto wake, kisha akasema mvua inakuja na kwa mume wake hawajui kama amepitia kwangu, akaondoka.