Sufuria la Shughuli na Ndege Aliyelihamia

Mwenzenu mimi nina cheo. Si cha serikali wala cha msikitini, na hospitalini ninakosukuma vitanda vya wagonjwa hawakijui, lakini ni cheo. Mimi ndiye mtunzaji wa sufuria la shughuli. Mzanzibari yeyote wa Lewisham, huku London, na mitaa ya jirani akioza mtoto, akisoma hitma au akifanya akika, kwa miaka ishirini na ushei sasa ananipigia simu mimi, Abdulwakil wa Wete, kuniuliza kwa adabu kama sufuria lipo. Nami simjibu kwa pupa. Nakohoa kwanza. Halafu nasema, "Ngoja nikatazame," na kumbe nimekaa nalo ana kwa ana.

Sufuria lenyewe ni la kilo ishirini za mchele. Mtoto wa miaka mitano anaingia ndani akajificha. Lilitoka Unguja kwa kontena, na kulibeba kunataka wanaume wawili wasiogombana.

Tangu marehemu Mama Haifa, mke wangu, atangulie mbele ya haki miaka mitatu iliyopita, cheo hicho ndicho kilichobaki kunitoa kitandani siku za mapumziko. Watu wanakuja kulichukua, wanakaa, nawapikia chai ya tangawizi, tunazungumza saa nzima. Siku ya kulirudisha wanakuja na sahani ya pilau iliyofunikwa, wanakaa tena. Na sufuria linarudi linameremeta, hata doa la moshi halina. Nikawa najisemea moyoni: wananiogopa hawa, wanajua kwa Abdulwakil sufuria chafu halipokelewi.

Basi Idi iliyopita nikaingiwa na wazimu. Tulikuwa na wageni kumi na wawili. Binti yangu Haifa, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini kunijibu hunijibu kwa Kiingereza, akanambia sufuria la jikoni linatosha. Nikamwambia, "Wewe umezaliwa hapa, pilau utaijulia wapi?" Nikalitoa la shughuli uani, nikaliweka juu ya jiko la gesi, nikatia kilo tatu za mchele. Kilo tatu, ndani ya sufuria la kilo ishirini! Mchele ukatandaa chini mwembamba, na mimi nikasimama na mwiko nikiwahadithia wageni jinsi nilivyopika harusi ya nani na ya nani. Nilipokuja kushtuka, mtaa mzima unanuka. Siku ya Idi wageni wa mtunzaji wa sufuria walikula kuku wa kukaanga wa dukani, kwa mikono, katika boksi.

Ukoko uliobaki ulikuwa mnene kama kidole changu. Niliona haya kuusugua mbele ya Haifa. Nikalilaza sufuria kwa ubavu juu ya matofali, nyuma ya kibanda cha uani, pale majani yatambaayo ukutani yameporomoka mpaka chini, nikasema nitalisugua kesho. Hiyo kesho, jamani, ilichukua karibu wiki nne.

Akapiga simu Bi Mwanabaraka. Kama humjui Bi Mwanabaraka, mshukuru Mungu. Ni mtu wa Chake Chake, na akikuuliza jambo unajikuta umeshajibu hata la mwaka juzi. Anamwoza bintiye, Miska, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Mei.

"Kaka Abdulwakil, sufuria lipo?"

"Lipo, dada yangu. Lipo na linakungoja wewe."

Nikakata simu, nikachukua sabuni na waya wa kusugulia, nikenda nyuma ya kibanda. Nikayafunua majani, nikaingiza kichwa. Kitu kikanipita usoni, vruuu! Nami mtu wa Pemba, kwetu majani yakikaribia nyumba maana yake nyoka, sikungoja kuulizwa. Nilianguka chali na waya wangu mkononi, nikapiga na kelele ambayo sikujua kama ninayo.

Juu ya ukuta wa mbao kikachomoza kichwa cha jirani yangu Bi Pramila, Mhindi wa Nakuru aliyestaafu kazi ya duka la dawa. Alikuwa anacheka mpaka miwani inamteremka.

"Amka tu, Bwana Abdulwakil, huyo si simba."

Ndani ya sufuria, pale ukoko ulipoinuka ukafanya ukingo, palikuwa na kiota cha majani makavu na ukoka, na ndani yake mayai manne madogo yenye madoadoa ya wekundu. Nikanyoosha mkono nikitoe, nisugue, yaishe.

"Usiguze!" Bi Pramila hakuwa anacheka tena. "Huyo ni robin, yule wa kifua chekundu. Wiki mbili atalalia mayai, wiki mbili zingine atalisha watoto. Na kiota kama kinatumika, kukiharibu ni kosa. Ni sheria ya hapa."

"Sheria? Ya ndege?"

"Ya ndege."

Mimi nilipofika nchi hii nilikaa miaka sita nikingoja karatasi za ukaazi. Mtu akitamka sheria mbele yangu, mkono wenyewe unarudi mfukoni. Nikahesabu kwa vidole: ndege anataka wiki nne, harusi iko karibu wiki tatu mbele. Nikahesabu tena kwa mkono mwingine. Jawabu likawa lile lile.

Mtu mwenye akili angeinua simu akasema, "Bi Mwanabaraka, ndege kataga katika sufuria." Maneno sita. Lakini Bi Mwanabaraka angeuliza sufuria lilikuwa linafanya nini nje. Angeuliza kwa nini halijaoshwa tangu Idi. Na mwisho angesema neno nililokuwa nikiliogopa kuliko nyoka: basi na litunzwe kwa mtu mwingine. Sitawaficha, niliogopa sana. Sufuria likihama, nani atakuja kukaa kwangu saa nzima kunywa chai?

Kwa hivyo nikasema uongo. Nikampigia nikamwambia kishikio kimelegea, nimelipeleka Southall, upande wa pili wa London, kwa fundi.

"Fundi gani?"

"Anaitwa Darshan."

Darshan huyo nilimuumba hapo hapo, na nikampa mashine ya kuchomelea. Tatizo la kumuumba mtu ni kwamba Bi Mwanabaraka atataka kujua habari zake. Kila baada ya siku mbili ananiuliza, Darshan kamaliza? Nikampa Darshan mafua. Yalipopona nikamfisha shangazi yake. Nilikuwa nalala nikimwonea huruma, maskini, hana siku ya furaha tangu azaliwe, na amezaliwa wiki iliyopita.

Huku uani nikageuka mlinzi. Nguo zikawa zinaanikwa chumbani. Majani sikuyakata, nyasi zikanifika kwenye vifundo vya miguu, mimi niliyekuwa nikifagia ua huu kila asubuhi mpaka udongo unalia. Haifa akifungua mlango wa nyuma namwambia, "Polepole, kuna mzazi!" Jirani wa upande wa pili, Tom, ana paka mnene wa rangi ya chungwa ambaye zamani tulikuwa tunasalimiana. Sasa nikawa nakaa kwenye kiti nimevaa kikoi na koti la baridi, chupa ya kunyunyizia maji mkononi, namngoja. Nilimpiga maji mara tatu. Mara ya nne nikampiga Tom, aliyekuja kuuliza paka wake kafanya nini.

Mayai yakaanguliwa. Makinda wanne, wekundu, macho yamefumba, wabaya mno wa sura. Niliwapenda. Nasema tu ukweli, niliwapenda, na nilikuwa naamka mapema nikawasikilize kabla ya kwenda kazini.

Lakini wiki ya harusi ilipoingia, woga ukanipanda kichwani. Jumanne, Bi Pramila katoka, Haifa hayupo, nikachukua ndoo na glavu, nikajiambia nitakihamisha kiota taratibu, ndege hatajua. Ndege hatajua nyumba yake imehamia kwenye ndoo! Nikafika, nikapiga goti. Juu ya mpini wa koleo, hatua mbili kutoka usoni mwangu, akatua yule baba mtu na mdudu mdomoni. Hakuruka. Hakulia. Alisimama tu na chakula cha watoto wake, ananingoja nimpishe.

Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nimeogopa kukosa wageni wa chai, nikawa tayari watoto wa mwenzangu wafe. Nilirudi ndani na ndoo yangu, na siku ile nilijichukia.

Alhamisi mlango ukagongwa. Bi Mwanabaraka, na mpwa wake Sufian, kijana mpana kama kabati, na gari ya mizigo nje.

"Vaa viatu, kaka," Bi Mwanabaraka akasema. "Tunakwenda Southall. Utatuonesha kwa Darshan."

"Leo? Darshan yumo katika msiba."

"Tutampa pole."

Nikasema ngoja nende chooni. Nikajifungia, nikasimama mbele ya kioo, nikamtazama mjinga aliyekuwa mle. Nilipotoka, Bi Mwanabaraka alikuwa kwenye dirisha la jikoni, shingo kaipinda, anautazama ua. Kutoka katika majani, nyuma ya kibanda, lilikuwa limejitokeza tako la sufuria la kilo ishirini.

"Sufian," akasema taratibu, "hebu kalichukue lile."

Sufian alikwisha kukunja mikono ya shati. Sijui nilipitaje. Nilimpita mlangoni na ndara za chooni, nikakimbia katika nyasi, nikasimama mbele ya sufuria, mikono nimeitandaza.

"Msiliguse! Kuna watoto!"

Na hapo nikamwaga yote. Pilau ya Idi iliyoungua. Ukoko. Ile kesho ya wiki nne. Mayai, sheria, ndoo ya Jumanne. Bi Mwanabaraka alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na Darshan?"

"Hayupo."

"Hakufiwa na shangazi?"

"Hana shangazi, dada yangu. Hana mtu."

Akainua baibui lake kidogo, akainama, akachungulia. Midomo minne ilifunguka kwa pamoja, ya manjano, ikamlilia yeye. Aliinuka akajifuta magoti.

"Kwa nini hukusema tu?"

"Mngelichukua."

"Tukalipeleke wapi, Abdulwakil? Ukumbi tunaofanyia shughuli una masufuria yake mawili, makubwa kuliko hili. Yapo tangu mwaka aliofariki Mama Haifa."

Nikamtazama. Nikamtazama na Sufian, naye akaangalia viatu vyake.

"Lakini mnaliazima," nikasema. "Kila shughuli mnaliazima."

"Sufian huwa analitia garini, anazunguka nalo siku mbili, analirudisha."

"Mara moja nililiosha, Mzee," Sufian akasema. "Lilikuwa na vumbi."

Nilikasirika! Wallahi nilikasirika. Mgongo wangu umekwisha kwa kulitoa na kuliingiza. Nimekohoa kwenye simu miaka mitatu kwa sufuria lisilopikiwa kitu! Nikamuuliza Bi Mwanabaraka kama wamenigeuza mtoto, na kama ni hivyo Southall alikuwa anataka kwenda kufanya nini.

"Kukutoa ndani," akanijibu, wala hakupandisha sauti. "Alipokufa Mama Haifa tulikualika, hukuja. Tulikupigia kukujulia hali, hukushika simu. Tulipouliza sufuria, ulishika. Basi tungefanya nini? Tukawa tunauliza sufuria. Sasa ulipoanza kututajia fundi, nikajua umepata njia ya kutufungia mlango tena, nikasema nakuja mwenyewe."

Yule ndege alikuja na mdudu mwingine, akaona watu watatu wamemzibia mlango, na Bi Mwanabaraka akanishika mkono wa koti akanivuta pembeni tumpishe.

"Ndege akae mpaka wanawe waruke," akasema. "Wewe Jumamosi uje ukumbini saa kumi na mbili asubuhi. Kuna vitunguu vya kumenya."

Makinda waliruka siku kadhaa baada ya harusi, mimi nikiwa kazini, Bi Pramila akaniletea habari mlangoni. Hilo lilikuja baadaye. Jumamosi yenyewe nilimwachia yeye chupa ya maji kwa ajili ya paka, nikapanda basi la kwanza. Ukumbini walikuwa wameshawasha moto chini ya masufuria yote mawili, mazuri, masafi, makubwa kweli kuliko langu. Sufian akaniwekea kiti, gunia la vitunguu upande huu na kisu upande ule. Kitunguu cha kwanza tu, machozi yakaanza, na mimi sikuyazuia. Nililia kwa ajili ya Mama Haifa, ambaye siku tuliyomzika sikuweza kumlilia mbele za watu, nikalia gunia zima, na kila aliyepita aliniwekea mkono begani, akaniambia vitunguu vya mwaka huu ni vikali.