Propela Yenye Mstari Mwekundu

Habari ya kifo chake ilinikuta kwa kinyozi, pale Kabasa, kichwa kikiwa kimenyolewa nusu. Kinyozi alipokea simu, akasikiliza, akazima mashine yake, akaniambia, "Mzee, yule nahodha wa Murangi unayemsifiaga hapa, amefia ziwani. Wanasema ni propela feki." Kisha akaongeza, "Watu wanapenda rahisi sana." Wasomaji wangu mnajua kwamba mimi si mtu wa kelele. Shule yangu iliishia darasa la saba, na ugomvi wangu mwingi huwa naumalizia moyoni. Lakini neno hilo, rahisi, nililisikia tena kwenye basi la kwenda Musoma, nikalisikia msibani kwenyewe, likisemwa na watu wenye sahani ya msiba mkononi, na safari hii limekataa kuishia moyoni. Yule bwana hakuuawa na kitu rahisi. Aliuawa na uongo, na leo nataka nieleze tofauti yake hata kama kuna watakaoacha kunisalimia.

Nilimfahamu kwa kupanda boti yake. Dada yangu ameolewa ng'ambo ya ghuba, na huyu ndiye aliyekuwa akinivusha kwenda kumwona. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Kwa msomaji wa Butiama anayelima na hajawahi kupanda boti, propela ni kile chuma chenye mapanga matatu kilicho chini ya mashine, kinachozunguka majini na kuisukuma boti. Ziko za orijino, za mtengenezaji wa mashine yenyewe, na ziko za kopi, zinazotengenezwa na watu wengine na kuuzwa bei ya chini. Marehemu alikuwa nazo zote mbili. Ile ya kopi aliinunua akijua ni kopi, kwa mtu aliyemwambia waziwazi kwamba ni kopi, na hakuidharau hata kidogo. Kando ya ziwa kuna miamba, alikuwa akisema, na mwamba ukilikata panga la kopi, roho haiumi. Ila aliipaka mstari mwekundu, na kila asubuhi kabla ya kupakia abiria aliinua mashine juu, propela ikatoka majini, watu wakaiona. Ukiuona wekundu, ulijua leo hakatizi ghuba. Anafuata kando, karibu na nchi kavu, na mtachelewa. Usipouona, alikuwa amefunga orijino, na mlikata katikati.

Siku moja tulikuwa na mwalimu mmoja wa kike, mcheshi, mwenye haraka zake. Alipouona wekundu akapiga makofi. "Nahodha! Leo kopi tena? Basi na nauli iwe ya kopi!" Boti nzima ikacheka. Marehemu hakugeuka, alikuwa akikagua mafuta. "Nauli ni orijino, mwalimu. Maji hayanaga kopi." Mwalimu hakukubali kushindwa. "Sasa nikichelewa, mkuu wa shule nimwambieje?" Akamjibu, "Mwambie umefika." Siku hiyo tulichelewa kweli, jua likatuchoma, mwalimu akanung'unika njia nzima, nami nikanung'unika kidogo. Tulifika.

Orijino yake ilipochoka, alikwenda mjini kununua nyingine. Duka silitaji, maana sina ushahidi wa kupeleka kwa hakimu, nina niliyosimuliwa tu. Mdogo wake, anayefanya naye kazi botini, alikuwapo. Ananiambia kaka yake aliuliza mara mbili kama ni orijino, akaonyeshwa kasha lenye maandishi yote yanayotakiwa, akalipa bei ya orijino bila kupunguziwa. Kwa hiyo anayesema marehemu alipenda rahisi, kwanza anakosea hesabu, pili anamtukana mtu asiyeweza kujibu.

Siku ya kifo chake hakukuwa na abiria, ni wao wawili na magunia ya mihogo. Upepo ulikuwa umeanza kuamka. Mdogo wake anasema, na mimi namwamini, kwamba kama ingekuwa imefungwa ile ya mstari mwekundu, kaka yake asingethubutu kukata ghuba. Lakini alikuwa amefunga orijino, au alichoambiwa ni orijino, akakata. Walipofika katikati, mashine ikawa inalia lakini boti haiendi. Ndani ya propela kuna raba inayoishika kwenye chuma cha mashine ili vizunguke pamoja. Ile raba iliachia. Wakatupa nanga, haikushika. Mawimbi yakaanza kuigeuza boti ubavu. Marehemu akainua mashine, akainama nyuma ya boti, akaichomoa ile mpya, akaifunga kopi yake kuukuu ambayo hakuiachaga nyumbani. Alikuwa amemaliza kukaza nati wimbi lilipomchukua. Mdogo wake aliiwasha mashine, akazunguka akimtafuta na kumwita mpaka mafuta yakakaribia kwisha. Wavuvi ndio waliomwona kesho yake. Na boti ilirudi mwaloni, pale ufukweni inapoegeshwa, ikisukumwa na kopi. Waambieni hivyo wanaosema feki imemuua.

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya sasa ni ndefu. Ilianzia kiwandani kusikojulikana, ikapita kwenye duka lenye picha ya familia ukutani, ikaishia katikati ya ghuba. Na sisi tumeisaidia kurefuka. Kuna watu wanaopita kwenye mialo yetu wakinunua makasha matupu ya spea za orijino. Tumewaona, tumewauzia, tukanywea soda. Nani kati yetu aliwahi kumuuliza mtu kasha tupu anakwenda kuweka nini? Kule Bugwema wakulima wamepanda mbegu za mfuko mzuri zikakataa kuota, wakaambiwa mvua ndiyo mbaya. Kila mahali aliyedanganywa ndiye anayepewa somo, na aliyedanganya anapewa kiti.

Kiti hicho nilikiona kwa macho yangu. Baada ya mazishi, chini ya turubai, alikuja bwana mmoja wa spea kutoka Bunda, shati limenyooka, akaketi karibu na mjane. "Shemeji, pole sana. Kazi ya Mungu." Mjane akaitikia. "Ile propela mpya mliiweka wapi?"

"Ipo ndani."

"Na kasha lipo?"

Hapo nikainua kichwa. Mjane akasema lipo. Yule bwana akasogeza kiti. "Basi usihangaike. Nainunua na kasha lake. Raba inarudishwaga tu, inabandikwa. Watoto waende shule."

Nikamuuliza, "Bwana, kasha unalitakia nini?"

Akanicheka kwa upole, kama mtu anavyomcheka mgeni. "Mzee, kasha ndiyo bei."

Mimi si mtu wa maneno. Tena niliogopa kumsemea mama yule, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa, boti haina nahodha, na kila aliyekaa pale alijua kwamba nyumba ile ilikuwa inahitaji chochote kile. Mdogo wa marehemu alitazama chini. Mjane aliinuka, akaingia ndani, akatoka na propela mkono mmoja na kasha mkono mwingine. Yule bwana akasimama, akajipangusa suruali. Mama akampita. Kasha akawapa wanawake waliokuwa wakihangaika na moto wa chai, nao wakalichana na kulisukuma chini ya sufuria. Propela akamwekea shemeji yake, yule mdogo wa marehemu, mapajani.

"Ile rangi ya kaka yako ipo bado?"

"Ipo kidogo, kwenye kopo."

"Ipake. Usipake mstari. Ipake yote."

Yule wa Bunda akasema, "Shemeji, hapo umeiharibu."

"Iliharibika siku mliyoiuza," akamjibu, akaenda kuketi na wenzake.

Sijui kama yule bwana ndiye aliyeiuza, na mama naye hajui. Lakini hakuna aliyeuliza "mliyoiuza" maana yake akina nani. Tulikunywa ile chai, na mimi nilikunywa vikombe viwili. Tangu hapo nimekuwa nikiwaza juu ya wenye maduka wanaolala usingizi mzuri, wenye ada za watoto tayari, ambao hawana hata sababu moja kati ya zile alizokuwa nazo mama yule, na bado wanadanganya. Ninyi sina la kuwafundisha, nina la kuwaomba tu, tena naliomba nikiwa na hasira. Msituchagulie njia gizani. Mtu akijua alichonacho, atajua pa kupita nacho. Semeni tu kwamba ni kopi. Tutainunua, maana hela hatuna, na tutafuata kando.