Kati ya Hongera na Pole

Mimi ni mtu wa kelele. Nikipata jambo jema silali nalo, lazima jirani ajue. Ndiyo maana kiangazi kile, hakimu alipoamuru chuo kinirudishe kazini, niliinjika pilau kabla wakili hajamaliza kunisomea hukumu kwenye simu.

Nilikuwa nimefundisha elimu ya udongo katika chuo kimoja cha Saint Paul, huku ughaibuni, kwa miaka minane. Waliniachisha kazi wakisema nafasi yangu imefutwa, halafu baada ya wiki chache wakaipa jina jipya na kumkalisha mtu mwingine. Nikaenda mahakamani, nikashinda. Hakimu akasema Septemba, siku ya kwanza ya masomo, niwe darasani.

Basi Jumamosi ile vyumba vyangu viwili vya Fridley, pembezoni mwa mji, viliingiza Watanzania karibu wote wa Saint Paul na mji pacha wake, na Wakenya wa kanisani kwetu juu yake. Vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Muuguzi mmoja wa Golden Valley, ambaye nilimwita dada kwa sababu ndiye aliyenipokea nilipokuja kusoma, alinifunga kanga kiunoni akanisukuma katikati nicheze. Hongera, hongera, kila mdomo. Walipoondoka nikapanga begi langu la kazi: madaftari, miwani ya akiba, boksi la chaki. Nikaliweka mlangoni, chini ya makoti.

Wiki tatu baadaye wakili akapiga tena. Chuo kimekata rufaa, na mahakama ya juu imekubali kusimamisha utekelezaji wa hukumu mpaka rufaa iamuliwe.

"Kwa hiyo nimeshindwa?" nikamuuliza.

"Hapana. Hukumu bado ni yako."

"Basi Septemba naingia darasani."

"Huingii."

"Sasa nimeshinda kitu gani, mwenzangu?"

Akanisomea sababu. Eti nikirudi, halafu chuo kishinde rufaa, wanafunzi watavurugiwa masomo katikati ya muhula. Mimi sitaumia kwa kungoja, maana nikishinda nitafidiwa. Sitaumia kwa kungoja! Nilimwambia aurudie mstari ule, akaurudia, ukawa vile vile.

Mama yangu, huko Iringa, aliuliza maswali bora kuliko ya mawakili.

"Mwanangu, umeshinda au hukushinda?"

"Nimeshinda, mama."

"Mbona huendi kazini?"

"Mahakama imenizuia."

"Ile ile iliyokupa ushindi?"

"Iliyo juu yake."

"Makubwa," akasema, na kadi ya simu ikaisha.

Sisi tuna neno la kila jambo. Ukifiwa, pole, na watu watalala kwako. Ukijifungua, hongera, na uji utaletewa. Hata ukikutwa unafagia tu utaambiwa pole na kazi. Lakini mtu aliyeshinda kesi kisha akakatazwa ushindi wake anaambiwa nini? Hongera ingekuwa dhihaka, na pole ingekuwa kumtabiria mkosi. Kanisani niliwaona watu wakinijia, midomo ikafunguka, halafu wakaniuliza habari za hali ya hewa. Mkenya mmoja, mzee muungwana, alijaribu: "Sasa mama, tukuambie hongera ama pole?" Nikamjibu, "Nikijua nitakutumia barua." Mwingine akaniambia subira yavuta heri, nikamwambia basi asubiri yeye. Mdomo huu nao ulinifukuzia watu, nakiri.

Septemba ilipofika, siku ile ile aliyoitaja hakimu, nilipanda basi hadi Saint Paul bila kumwambia mtu. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikaangalia dirisha la darasa langu. Wanafunzi waliingia, wakakaa, mtu akafuta ubao. Nilirudi Fridley na basi lililofuata.

Nikapata kazi ya kukagua vifaa kiwandani, karibu na nyumbani. Theluji ikaja, ikaondoka, majani yakatoka. Nilikuwa mpweke, niseme tu hivyo bila kuzunguka. Simu ilikaa kimya hata siku tano. Nilikuwa naongea na redio, na redio ikiudhi nagombana nayo. Begi lilibaki mlangoni. Kila Jumamosi nililifuta vumbi nikalirudisha pale pale.

Rufaa iliamuliwa Oktoba ya mwaka uliofuata. Chuo kilishinda, hukumu yangu ikatenguliwa. Nilimpigia dada peke yake.

"Nimeshindwa," nikamwambia.

"Uwii! Pole, mdogo wangu. Pole sana, jamani, pole." Yalimtoka kwa kasi, kama mtu aliyeyabana muda mrefu.

Jumapili baada ya ibada ngazi zangu zilijaa watu. Masufuria ya makande, chapati za Wakenya, mtu na ndoo ya uji kana kwamba nimejifungua. Wanawake walivua viatu wakaliteka jiko. Yule mzee niliyemjibu vibaya alinishika mkono kwa mikono miwili na hakuuachia upesi. Nilifurahi, na nilikasirika, vyote kwa pamoja. Nikamfuata dada kwenye sinki.

"Mlikuwa wapi mwaka mzima?"

Hakugeuka. "Mdogo wangu, hatukujua tuje kwa lipi."

Nikachukua kitambaa nikaanza kukausha sahani alizoosha.

Makoti yalikuwa mengi, yakaanguka mlangoni. Dada akajifuta mikono, akaenda kuyapanga. Chini yake akakuta begi, akalinyanyua.

"Zito hili. Nikuwekee wapi?"

Miezi kumi na minne halikuguswa na mkono mwingine. Nilitaka kumwambia aliache.

"Popote tu, dada," nikasema. "Watu wapate njia."

Akalipeleka chumbani, akalisukuma chini ya kitanda. Nilisikia chaki zikigongana ndani ya boksi. Ndipo nikalia, na nyumba nzima ikajua la kusema.