Picha ya mama mdogo kwenye tovuti ya halmashauri ilivyomgombanisha na kijiji kizima

Wakuu, salaam kwenu.

Haya ninayoandika nilikuwepo mwenyewe, sijahadithiwa. Jina la halmashauri na la kijiji nayaacha, ila ni huku huku kwetu Singida.

Mimi naishi Unyambwa, nina stationery mjini. Mama yangu mdogo yuko kijijini, analima alizeti na vitunguu, na ni katibu wa kamati ya maji. Mradi wa maji ulivyokuwa unasuasua, yeye ndiye alikuwa anasimama kwenye mikutano kuuliza.

Hatimaye ukazinduliwa. Wageni wakaja, maji yakatoka, mama mdogo akajaza ndoo huku anacheka. Afisa habari wa halmashauri akampiga picha. Kwa wasiojua, hawa ndio wanaoandika habari za halmashauri na kusimamia tovuti na page zake.

Haukupita muda pampu ikafa. Kina mama wakarudi kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo.

Sasa hapo hapo, bomba limekauka, ile picha ndiyo ikapandishwa kwenye tovuti na Facebook. Caption inasema mkazi wa kijiji anafurahia huduma ya maji ya uhakika.

Mtu akaitupia kwenye group la WhatsApp la kijiji.

Wakuu, yule mama alisemwa. Wakasema kapewa kitu ndiyo maana anacheka. Jirani yake wa miaka mingi, mama Neema, alimwambia kule korongoni mbele ya watu kwamba ameuza kijiji. Wenzake kwenye kamati wakaanza kusema aachie ukatibu.

Akanipigia. "Mwanangu, hiyo picha inatolewaje?"

Nikamwambia aje mjini, twende kwa walioiweka.

(Pembeni kidogo: mimi nilitaka tu nicomment pale Facebook niwachane. Mama mdogo akakataa, akasema hagombani na mtu asiyemwona uso. Sawa.)

Afisa habari alikuwa dada wa makamo tu, ofisi ndogo, kompyuta moja, kamera juu ya meza. Akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unanikumbuka?"

Akamkumbuka. Akatabasamu kabisa, akadhani tumekuja kushukuru. Mama mdogo akamweleza yote, taratibu, bila kupandisha sauti.

Dada akaacha kutabasamu. Kisha akasema, "Mama, mimi niliandika nilichokiona siku ile. Habari ilikaa ikisubiri kupitishwa, ikapita juzi. Hakuna aliyeniambia pampu imekufa."

"Siku ile maji yalitoka, na nilicheka kweli. Sikatai," mama mdogo akasema. "Ila mmeniacha pale nacheka mpaka leo, wakati watoto wanakunywa maji ya korongo."

Dada akavuta kompyuta. "Naifuta sasa hivi."

"Usifute."

Hata mimi nilishangaa. Tulikuwa tumetoka nyumbani kwa ajili ya kufuta.

"Ukifuta watasema nimekuja kuficha," akasema. "Iache. Andika chini yake kwamba maji yamekatika, na kwamba mimi katibu ndiye niliyekuja kuwaambia."

Dada akasema hilo haliko mikononi mwake, lazima mkurugenzi akubali. Akaingia kwa bosi wake. Tukakaa kwenye benchi la korido muda mrefu. Mama mdogo alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Nilimwonea huruma.

Dada alirudi uso umemshuka kidogo. Mkurugenzi hajakataa, ila anataka fundi akathibitishe kwanza.

Kesho yake fundi akaenda kijijini, na yule dada akapanda gari pamoja naye. Hakulazimika. Fundi akakuta kifaa cha kuendeshea pampu kimeungua. Dada akarekodi video fupi, fundi anaeleza, mama mdogo anaeleza, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kinyaturu ili wazee nao wasikie.

Jioni ikawekwa kwenye page: mradi umesimama, sababu ni hii, taarifa imeletwa na katibu wa kamati. Chini yake vijiji vingine navyo vikaanza kuandika matatizo ya mabomba yao. Nasikia kuna wakubwa hawakufurahi, ila post haikuondolewa.

Pampu haikupona siku hiyo wala wiki hiyo. Ilichukua muda, na page ikawa inasema hatua ilipofikia. Sasa maji yanatoka.

Nilichojifunza: hizi tovuti na page za serikali tumezoea kuona ni za picha za uzinduzi na pongezi, tunapita. Lakini nyuma yake kuna mtu anayeandika anachopewa. Asipopewa habari ya pili, ile ya kwanza inabaki kuwa ukweli mbele ya kila mtu. Mfuateni ofisini, kwa heshima, na mwambieni.

Na nyie maafisa habari mliomo humu, mkishampiga mtu picha, mrudieni kabla hamjaipandisha.

Mama mdogo bado ni katibu. Mama Neema hajawahi kumwomba radhi. Wanakutana bombani asubuhi, wanasalimiana, mmoja anamtwisha mwenzake ndoo, kila mtu anashika njia yake.

Halmashauri zenu page zao zikoje wakuu? Kuna aliyewahi kuandika malalamiko pale akajibiwa? Karibuni tuambizane.