Niling'oa mmea ukutani kuanzia kulia, nusura mama akose nyumba

Wakuu, salamu kutoka Butembo, mashariki mwa Kongo. Ninayoandika hapa ni kweli tupu. Mwenye shaka apande hadi mtaa wa Kimemi, ukuta upo, akajisomee.

Mimi ni fundi pikipiki, naishi Beni. Mama yangu ni mjane na anaishi peke yake Kimemi, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba.

Ukuta wake wa mbele ulikuwa umefunikwa wote na ule mmea unaotambaa, wenye Kifaransa chao huuita lierre. Mama aliupanda nikiwa mtoto mchanga. Tulianza kutambaa pamoja, ila mwenzangu hakuacha.

Alhamisi akanipigia Baba mdogo Kambale, mdogo wake baba. Huyu ni shemasi. Anafumba macho wakati wa sala ya chakula na bado anajua paja la kuku liko sahani gani.

"Nyumba ya mama yako iko sawa pori! Nyoka itaingia mule. Kuya utoe ile mayani mbele ya samedi."

Alinipa hadi Jumamosi, nami nikasema mzee ana huruma na shemeji yake. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, lakini siku hiyo sikuwa na namba ya wahenga.

Ijumaa asubuhi nikafika na panga, ngazi na brashi ya chuma. Mama akasimama mlangoni, mikono kifuani.

"Acha mayani yangu. Iko inafunika."

"Inafunika nini, mama?"

"Inafunika."

Nikadhani ni uzee. Mungu anisamehe.

Upande wa kushoto kulikuwa na kiota cha nyigu, na mimi si shujaa, nikaanzia upande wa kulia. Unakata shina chini, unavuta, na linashuka na vipande vya lipu, mavumbi na wadudu wasio na majina. Shingo iliwasha hadi nikawakumbuka maadui zangu wote.

Saa sita nilikuwa nimemaliza karibu nusu. Nikapiga brashi, na hapo zikatokea herufi nyekundu za rangi ya mafuta, kubwa kama magurudumu:

IUZISHWE

(Wenzangu wa Dar na Mombasa, tulieni. Mnaposema kuuza, sisi tunasema kuuzisha.)

Kabla sijaelewa, Baba mdogo akaingia kukagua kazi. Akasoma. Akavua kofia.

"Ona! Yaya mwenyewe, baba yako, alisema iuzishwe! Mutu alikufa, ukuta yake inasema!"

Akapiga picha, akaituma WhatsApp papo hapo.

"Baba mudogo, kuuzisha nini?"

"Nyumba, quoi! Client anakuya kesho. Mama yako tutamutafutia chumba kule Beni. Joto ya Beni ni muzuri kwa magoti yake."

Wakuu, nilihisi ngazi inacheza, na nilikuwa nimesimama chini. Kumbe nyoka ni mimi. Nimeacha karakana yangu, nimepanda hadi Butembo kumsafishia mtu nyumba ya mama yangu aiuze. Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama mama.

Mama akacheka. Akaleta kiti, akakaa uani, akamwambia shemeji yake kwa upole:

"Semeki, ulisoma mukia. Ngojea kichwa."

Kisha akanigeukia: "Weye ndiye ulianza. Sasa maliza."

Nikamaliza. Nyigu waliniuma mara nne, moja kwenye sikio, nikaendelea kuvuta. Jioni ukuta wote ulikuwa wazi:

NYUMBA HII HAIUZISHWE

(Yaani isiuzwe.)

Baba mdogo akaangalia zile herufi za upande wa kushoto kana kwamba zimemvunjia heshima.

Ndipo mama akaeleza. Zamani Baba mdogo alipokuwa kwenye biashara Kampala, baba alisikia anaitafutia nyumba hii mnunuzi kwa simu. Akaandika ukutani. Baadaye mdogo wake akaomba msamaha kwa simu, wakapatana. Baba akapaka chokaa mara tatu, nyekundu ikatokeza mara tatu. Basi mama akapanda mmea, na Baba mdogo aliporudi miaka baadaye alikuta majani tu.

"Nilifunika kwa sababu yako, semeki. Mutu hawezi kula fufu muzuri na ukuta inamusema."

Miaka yote hiyo mzee amekula pale, ameupa ukuta mgongo, na mama anamwagilia aibu yake maji.

Jumamosi client akafika na pikipiki. Hakuizima hata. Akasoma kwa sauti kuanzia kushoto, kama walivyomfundisha shuleni, akamtazama Baba mdogo.

"Picha yako ilikatika, mzee. Mimi kununua parcelle ya maneno, hapana."

Akageuza, akaondoka. Baba mdogo akasema ana kikao kanisani. Mama akamwambia chakula kiko tayari. Akakaa, akala, safari hii kiti kikiutazama ukuta, maana ndicho alichowekewa.

Funzo langu: mama akisema kitu kinafunika, uliza mara ya pili. Na usianzie kulia kwa kuogopa nyigu.

Nilimwahidi mama nitaurudisha ule mmea, vipandikizi ninavyo. Akakataa. Amesema nimletee kopo la rangi na brashi mpya, zile H na A za neno la mwisho zimepauka.

Kwa hiyo wakuu wenye ujuzi wa rangi, karibuni kwenye comments: nyekundu ipi ya mafuta inadumu zaidi ya shemeji?