Nyaya Mbili Chini ya Gari la Verlene

Gale Prewitt alikuwa fundi wa mabasi ya shule huko Nebraska, na alipostaafu mikono ilimwasha kwa kukosa kazi. Kila baridi ilipokaza, yeye na mkewe Doreen waliteremka na nyumba yao ya magurudumu hadi jangwa la Quartzsite, Arizona, pamoja na wastaafu wenzao. Huko kambini hakuna asiyemjua. Jokofu halipoi? Mwite Gale. Mlango umekwama? Mwite Gale. Naye alipenda kuitwa, na kusifiwa alikupenda zaidi.

Msimu mmoja jirani yao alikuwa Verlene Tschida, mjane aliyekwisha kupita sabini, aliyeendesha mwenyewe gari lake la kuishi kutoka Minnesota. Siku moja akaja analalamika.

"Jirani, tangi langu la choo linanisingizia. Nimelimwaga asubuhi hii, lakini taa za kipimo zinasema limejaa pomoni."

"Hizo ni sensa tu, dada, vile vipimo vya tangini. Karatasi zimezigandia. Kazi ndogo hiyo, hata chai haitapoa."

Haikuwa ndogo. Sensa zenyewe ni skrubu fupi zilizopenya ubavuni mwa tangi, moja chini, moja katikati, moja juu, kila moja na waya wake. Maji machafu yakiigusa, taa yake huwaka kule ndani. Gale alilala chali kwenye changarawe, akaifungua ya chini, akaisugua mpaka ikang'aa. Mbili za juu zilikuwa zimejificha nyuma ya chuma, spana haifiki. Ilibidi tangi zima lishushwe. Na majirani walikuwa wameshaleta viti vyao, wanamtazama fundi.

Basi akafanya jambo ambalo kwenye mabasi ya watoto asingethubutu. Alizichomoa nyaya mbili za juu, akaziacha zinaning'inia.

"Zimezimika!" Verlene akapiga makofi dirishani. "Huyu mtu kabarikiwa mikono!"

Akamletea pai ya tufaha. Gale akala huku anajiambia kesho atarudi aimalize kazi. Kesho ikazaa kesho.

Jumapili moja upepo ulivuma vibaya, Verlene akawakaribisha ndani wenzake wa karata. Katikati ya mchezo choo kikafurika. Maji yakavuka kizingiti, yakalowesha zulia, wageni wakapandisha miguu juu ya viti, mikono puani. Gale alipoitwa, alimkuta mjane kapiga magoti na mataulo, uso umemwiva.

"Taa zilisema halijafika hata nusu," Verlene alisema.

"Kwani ulimwaga lini, mwenzetu?" mmoja akauliza.

"Nadhani... juzi? Sikumbuki vizuri."

Gale alijua papo hapo: zile nyaya mbili. Alifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa hiki: "Ah, hutokea. Mtu husahau."

Wakatikisa vichwa kwa huruma. Naye akachukua taulo, akasaidia kufuta, na wakamshukuru.

Katikati ya wiki Doreen alirudi na habari. "Verlene anauza gari. Mwanawe anakuja kumchukua. Anasema akili imeanza kumtoka, maana marehemu mumewe alianza hivyohivyo, kwa kusahau."

Gale akasukuma sahani kando. Akamweleza mkewe yote. Doreen alimtazama kama mtu asiyemjua.

"Mjane wa watu anajiona mwehu, Gale, kwa ajili ya makofi yako?"

Gale akaenda kwa mjane. Verlene alikuwa akikunja nguo, akamsikiliza bila kuacha kukunja.

"Ile siku uliposema mtu husahau," aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Mwanamke akaiweka chini sweta aliyoishika. "Siku zote hizi naogopa kulala, nikidhani nitaamka sijui jina langu. Halafu unakuja kuninong'oneza? Mimi niliaibika mbele ya watu. Kawaambie haohao."

Jumamosi, kambi nzima ilipokusanyika kula chapati za maji kwa shira, Gale alisimama. Alisema alichokifanya chini ya gari, akasema na uongo alioutamka ndani siku ya karata.

"Vipi, fundi," mzee mmoja akatania, "na breki zangu ulinitengenezea hivyohivyo?"

Watu wakacheka. Lakini yule mzee hakumaliza chakula. Aliondoka, na Gale akamwona kwa mbali kainama chini ya gari lake, anachungulia. Punde akainuka mwingine.

Gale alilishusha lile tangi, akasafisha sensa zote, akafunga nyaya inavyopasa. Verlene hakumwamini kwa maneno. Alimimina maji chooni ndoo kwa ndoo, akitazama taa moja baada ya nyingine ikiwaka, na fundi akingoja nje juani. Mwanawe alifika, akamwona mama yake yu timamu, akarudi peke yake.

Salamu zilibaki. "Umeamkaje, Gale?" "Salama, dada." Lakini Februari tanuri ya Verlene ilipoharibika, aliita fundi kutoka mjini. Gale alilisikia gari la yule fundi likisimama jirani na vyuma vikigongwa. Mchana kweupe, akavuta pazia, akakaa kitandani na mikono yake mapajani.