Mwalimu Felismina na Mstari Uliosimama

Ukitaka kumuudhi Mwalimu Felismina Kahombo, mcheke mtoto anapokosea kuchora. Ukubwa wako hautakusaidia. Niliwahi kumwona akimtoa nje baba mzima aliyevaa koti, ambaye alikuja kumchukua binti yake na kucheka mara moja tu.

Kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Dundo, Angola, kicheko cha namna hiyo hakikuwa utovu wa adabu. Kilikuwa sheria. Sisi Wachokwe huchora mchangani huku tukisimulia. Mchoraji hubonyeza kwanza vitone kwa ncha za vidole, safu baada ya safu, kisha hupitisha mstari mmoja katikati yake. Mstari huo hupinda na kurudi hadi uungane na mahali ulipoanzia, na hadithi huishia hapo hapo. Kidole hakiinuki wala hakisimami. Kikisimama, wanaume waliokaa chotani hucheka, na mchoraji hufuta kazi yake kwa kiganja akampisha mwingine. Chota ni banda la wanaume la mikutano. Halina kuta, lakini wanawake hupita kando yake wakitazama mbele.

Felismina, alipokuwa msichana, alipita kando yake polepole kuliko wenzake, kapu la muhogo kichwani, macho pembeni. Alichokiona alikirudia kwenye mchanga nyuma ya jiko. Siku moja mama yake alimkuta, akaufuta mchoro kwa mguu.

"Una bahati nimekuona mimi," alisema, akaingia ndani kusonga ugali.

Vita vilipokwisha, Felismina alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyesomea kufundisha watoto wadogo. Alirudi kijijini akaomba mahali. Mjomba wake Salukombo, kaka wa mama yake na mwenye kijiji, alimpa banda lililokuwa la kuhifadhia muhogo. Kwetu mjomba akikupa kitu, amekupa. Akikitaka tena, huna pa kwenda kulalamika.

Tulikuwa watoto kumi na tisa, wa miaka minne hadi sita. Hatukuwa na vitabu wala chaki. Tulikuwa na mchanga. Mwalimu alianza hadithi, kisha akaiacha mikononi mwetu.

"Swala amefika mtoni. Nani amemwona?"

"Mamba!"

"Shangazi yangu!"

"Haya, shangazi yako alikuwa anafanya nini huko? Nichoreeni."

Tulichora. Mistari ilituponyoka, ikagongana, ikasimama. Hakuna aliyeruhusiwa kufuta. Mstari ukisimama, alisema, tazama umefika wapi, labda ndiko ulikokuwa unakwenda.

Asubuhi moja Mjomba Salukombo alikuja kukagua paa la banda, na macho yake yakaangukia mchoro wa Imakulada, msichana wa miaka mitano mwenye pengo mbele. Alikuwa ameanza mchoro wa kobe, ule ambao kila mtu anaujua, lakini mstari ulimtoroka ukazunguka mara nne chini ya tumbo.

"Hiki ni nini?" Salukombo aliuliza.

"Kobe."

"Kobe gani ana magurudumu?"

"Amechoka kutembea, babu. Amepanda lori la mgodini. Dereva amemwambia asikojoe ndani."

Tuliangua kicheko. Salukombo hakucheka. Alijua michoro zaidi ya sitini, na kila mmoja aliupata kwa kuchapwa vidole.

"Felismina, unaharibu."

"Naharibu nini, mjomba?"

"Kobe ana njia yake. Tuliipokea hivyo. Tulioijua vizuri tulikuwa tisa, vita vimeniacha peke yangu. Sasa unawafundisha watoto kukosea?"

"Nawafundisha wasiogope."

"Na wasichana nao!"

"Wana vidole, mjomba."

Mzee alivuta pumzi. Sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amewazika wenzake wanane, na alichobakiwa nacho mkononi ni ile mistari. Lakini aliyoyasema baadaye yalitutisha.

"Jumapili njoo chotani. Chora njia ya kuku aliyefukuzwa, mbele ya wanaume. Kidole kisiposimama, banda ni lako na mimi sitafungua kinywa tena. Kikisimama, Jumatatu naingiza muhogo wangu humu."

"Nitakuja," Felismina alijibu, bila hata kufikiri.

Jumapili ile wanawake wa kijiji walikuwa na safari nyingi ajabu za kupita karibu na chota. Mmoja alikwenda kuchota maji mara tatu akiwa na ndoo iliyojaa. Sisi watoto tulijibanza nyuma ya nguzo. Felismina aliingia peku, akapiga magoti katikati ya wanaume, akasawazisha mchanga na kuanza kubonyeza vitone. Mchoro wa kuku ni mkubwa, vitone vyake ni vingi. Alivibonyeza haraka kwa sababu alikuwa na hasira.

"Kuku mmoja alisikia kwamba wageni wanakuja," alianza, na kidole chake kikaondoka.

Kilikwenda vizuri. Kuku alipita jikoni, akapita chini ya kitanda cha mwenye nyumba, akazunguka kinu. Wanaume waliacha kutafuna. Halafu, hadithi ikiwa katikati, mstari ulikata kona na kukutana na mahali ulipoanzia. Ulikuwa umejifunga. Nusu ya vitone ilibaki nje, haijaguswa.

Alikuwa amepunguza safu moja. Kila aliyekulia karibu na chota aliliona kosa hilo papo hapo, kwa kuwa ni kosa la mwanzo kabisa, la kuhesabu, ambalo mvulana hulifanya mara moja na kulikumbuka mpaka uzeeni.

Chota ililipuka kwa kicheko.

"Kuku ameshachinjwa!"

"Rudi jikoni, mama, chungu kinaungua!"

Felismina hakufuta. Alibaki amepiga magoti, mikono juu ya mapaja, akiwatazama mmoja mmoja.

"Chekeni mpaka mtosheke," alisema. "Mkimaliza naendelea."

"Umesimama," alisema Salukombo.

"Nimesimama. Banda chukua, mjomba, nimeshindwa mbele ya watu na sikatai. Lakini kuku wangu hajafa." Aliweka kidole kwenye vitone vilivyobaki. "Ameingia ndani na kufunga mlango. Wageni wako nje. Hawa hapa. Wametembea tangu alfajiri, wana njaa, na ndani wanasikia kuku anaimba."

Akaanza mstari wa pili, kuuzunguka ule wa kwanza. Kitu hicho hakikuwa kimewahi kufanyika pale.

"Wageni wangapi?" kijana mmoja aliuliza, kisha akaonekana kujuta.

"Wanne. Mmoja amekuja na sufuria yake kabisa."

Mtu alicheka, lakini kicheko kile hakikuwa cha aina ile ya mwanzo. Ndipo Salukombo aliposimama, akaingia mchangani na kuifuta mistari yote miwili kwa mguu.

"Hadithi hiyo haipo," alisema.

"Ilikuwepo sasa hivi. Umeifuta wewe."

Jumatatu magunia ya muhogo yaliingia bandani. Felismina alipita nyumba kwa nyumba, akatuongoza hadi ukingo wa mto Luachimo, kwenye mchanga wanakofulia wanawake. Kati ya kumi na tisa tulikwenda kumi na mmoja. Wazazi wa wengine walimwogopa mjomba. Yeye mwenyewe alituma mtu kusema kwamba hata huko mtoni ni ardhi yake.

"Mwambie alete magunia yake aujaze mto," Mwalimu alimjibu yule mjumbe, kisha akatugeukia. "Haya, swala tulimwacha wapi?"

Nilipokwenda chuo cha ualimu nilifundishwa maneno marefu ya kueleza kile kinachotokea mtoto anapoachwa aimalizie hadithi mwenyewe. Nayaamini, na ninayatumia. Lakini nilikiona kwanza pale, matope yakiwa magotini. Naudhika ninapowasikia watu wazima wakisema mtoto ajifunze kwanza yaliyo sahihi, na kubuni kutafuata. Hakufuati. Aliyezoea kufuta kila anapokosea hujifunza kufuta tu. Felismina Kahombo sasa ana miaka sitini na mmoja na bado anafundisha pale mtoni. Mvua zikianza huhamia kwenye baraza ya yeyote atakayempokea. Banda hakulipata tena na hakuliomba.

Wiki ile ya kwanza ya mtoni Imakulada alikuwa akichora mchangani, kidole chake kikasimama. Wanawake waliokuwa wakifua walicheka kwa mazoea, bila ubaya wowote, kama mtu anavyopiga chafya. Mtoto aliweka kiganja chake juu ya mchoro, tayari kuufuta.

Mwalimu aliinuka, maji yakimfika kwenye miguu.

"Nani amecheka?"

Nguo ziliacha kupigwa kwenye mawe.

"Aliyecheka aje achore yeye."

"Mimi nimecheka," alisema Mama Nambua, bibi aliyevuka sitini, povu mpaka kwenye viwiko. "Na kuchora sijui. Mambo hayo sijawahi hata kuyagusa."

"Njoo uyaguse."

"Mjomba wako akisikia?"

"Atasikia. Kaa."

Mama Nambua aliwatazama wenzake, akafuta mikono kwenye kitenge, akachuchumaa kwa kuugulia magoti. Alibonyeza kitone cha kwanza kwa nguvu mno, hata maji yakachimbuka ndani yake. Akabonyeza cha pili. Imakulada aliondoa kiganja chake kwenye mchoro wake mwenyewe, akasogea ili aone vizuri.

"Huyo ni nani?" aliuliza.

"Subiri, we mtoto," alisema Mama Nambua. "Hata mimi bado sijamjua."